Punguzo la Dereva Mzee

Els hakusema kitu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote: mwanamke yule wa Kiflamandi, mikono juu ya magoti, mkanda umempita kifuani, amekaa kwenye kiti cha abiria, upande wa kulia wa gari langu na kunyamaza kama kanisa siku ya Jumatatu. Mvua ilikuwa imekatika muda si mrefu. Lami ya Laeken, hapa Brussels, iling'aa kama tumbo la samaki. Nilishika usukani kwa mikono miwili, nikaingiza gia, nikaondoka, na hatujafika kona ya kwanza nilishaanza kusikia baridi ambayo haikutoka dirishani.

Sikuwa nimezoea kimya ndani ya gari lile.

Gari lile lilikuwa na jina. Akina mama wa kwaya waliliita Parlement, kwa sababu lilikuwa na viti saba, lilikuwa kuukuu, na tangu Laeken hadi Porte de Namur watu walibishana humo bila spika wa kuwanyamazisha. Spika nilikuwa mimi, kwa maoni yangu. Kila Jumapili niliwapitia mmoja mmoja, nikawapeleka kwenye misa ya Kiswahili, nikawarudisha makwao, na njiani niliwafundisha. Niliwafundisha nani aliuza madini ya Kivu na nani aliyanunua, nani alitia sahihi na nani alitiliwa. Na wao walinikatiza. Hawakukosa kunikatiza.

“Papa, ona ule feu rouge,” Maman Rolande angesema kutoka nyuma, taa ikiwa nyekundu, “njo rangi tunatafutaka ya pagne, kitenge ya kwaya!”

“Na ule muntu wa vélo, kuume pale,” angedakia Mignonne kando yangu, baiskeli ikitokea, “na hii baridi yote, amevaa kaptula! Mungu wangu!”

Nami nikapunguza mwendo ili nipate kuwajibu sawasawa. “Kongo inakufa,” nawaambia, “na ninyi munaangalia kaptula!”

Walicheka. Nilidhani wanacheka kwa sababu nina ulimi.

Mimi ni Crispin. Hapa Brussels wananiita Papa Crispin, na wasionipenda wananiita Papa Micro, maana nikishika kipaza sauti sikirudishi. Shule yangu iliishia pale baba alipokufa. Kifaransa nilijisomea mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sabuni, na ndiyo maana hadi leo kuna habari ninazozijua mwanzo wake tu, kwa kuwa mwisho uliondoka na sabuni ya mtu mwingine. Nilichuma chai katika milima iliyo nyuma ya Bukavu. Wasimamizi wetu kila jioni walimwambia bwana mkubwa kwamba wafanyakazi wameridhika na mizani ni ya haki. Siku moja nikasimama uwanjani, mbele ya vikapu, nikamwambia usoni kwamba anadanganywa. Kesho yake sikuwa na kazi. Sijajuta. Nimeyabeba maneno yale toka mlimani, nikayapitisha vitani, nikayapitisha kambini, nikafika nayo mpaka chama cha wafanyakazi wa usafi wa hapa, nikayasema tena kwa Kifaransa changu cha sabuni: mkubwa anayefichwa ukweli ni hatari kwa wote walio chini yake.

Hayo niliyasema mimi. Naomba ukumbuke.

Mambo yalianza na bima. Thibault, wakala wangu, ana ofisi kule Koekelberg, mahali ambapo ukitoka mlangoni tu unaiona Basilika imekaa juu ya kilima kama kuku anayeatamia. Kijana mzuri, viatu vyake vinang'aa kuliko vyangu vya harusi. Akaniambia kampuni imepandisha malipo yangu. Nikamuuliza nimegonga nani. Akasema hujagonga mtu, monsieur, ila umepita miaka sabini.

“Si mimi, monsieur Crispin. Ni takwimu.”

“Takwimu hizo zinakaa mtaa gani? Nipe anwani niende kuongea nazo.”

Alicheka kwa adabu. Nikarudi wiki iliyofuata, na nyingine, kila mara na hoja mpya. Nilimwambia kwamba nilipokuwa na nguvu nchi hii ilinipa ufagio, na sasa nguvu zimekwisha inanitoza kwa kuishiwa nazo. Siku moja, kwa kuchoka, akafungua droo, akatoa karatasi yenye picha ya babu na bibi wa Kizungu wakitabasamu garini. Kuna mafunzo, akasema. Siku moja tu. Udereva salama kwa wazee. Asubuhi darasani, mchana barabarani na mwalimu. Ukileta cheti, kampuni inakupunguzia.

“Kwa hiyo nithibitishe kwamba mimi si takwimu?”

“Ukipenda kuliweka hivyo, monsieur.”

Nilipenda kuliweka hivyo. Ni lazima uelewe gari lile lilikuwa nini kwangu. Euphrasie, mke wangu, alikuwa amefariki, na huo ulikuwa mwaka wa pili. Alikuwa akiongoza kwaya, na alifanya kazi ya kuhudumia wazee katika nyumba yao moja hapo Laeken. Aliwaogesha watu wa koo ambazo mitaa ya hapa imepewa majina yao. Alipoondoka, nilibaki na chumba, na redio, na dirisha. Jumatatu mpaka Jumamosi nilikuwa mzee wa dirisha. Jumapili nilikuwa dereva. Nikiondolewa gari nitakuwa nini? Hilo swali nilikuwa naliona usiku limesimama karibu na kabati kama mgeni ambaye hajakaribishwa.

Basi Jumapili ile, baada ya misa, nilisimama kati ya vikombe vya chai nikawatangazia. Nitakwenda kwenye mafunzo yao. Nitakaa na wazee wa Kizungu, nitaendesha mbele ya mwalimu wao, nitaleta cheti, nitamwekea Thibault mezani.

Nilitegemea vigelegele. Mignonne alitazama kijiko chake. Padri Jozef, ambaye alikaa Kivu miaka mingi kuliko hata mimi na ambaye Kiswahili chake kina koti na tai, alikohoa akasema, “Bwana Crispin, pengine si lazima.”

“Si lazima vipi, padri?”

“Papa, acha tu,” akasema Mignonne. “Sisi batu ba kwaya tutachanga. Kila mwezi. Bon, si mambo kubwa. Tumekwisha kuongea.”

Walikwisha kuongea! Bila mimi! Nikawaka. Niliwaambia kwamba mimi sikuchangiwa hata siku niliyofukuzwa kazi, nikiwa na watoto wawili nyumbani. Niliwaambia kwamba watu wanaolipa dhuluma badala ya kuipinga ndio waliotufikisha hapa tulipo. Niliwaita makondoo. Maman Rolande akasema polepole, “Aksanti, papa,” akaanza kukusanya vikombe.

Niliwarudisha nyumbani siku hiyo kwa hasira. Wao waliongea njia nzima kama kawaida: poussette, yaani kigari cha mtoto, tram, rangi ya feu. Nikawaza, watu hawa hawana hata haya.

*

Darasa lilikuwa katika ukumbi wa chini, harufu ya kahawa na makoti mabichi. Mimi peke yangu nilikuwa mweusi, jambo ambalo halikunitisha. Nilishazoea kuwa peke yangu katika rangi na katika hoja. Bibi mmoja aitwaye Gilberte, nywele za zambarau, aliposikia natoka Kivu akaninong'oneza kwa Kiswahili cha kumwamuru mpishi kwamba yeye aliendesha Land Rover Goma wakati mimi bado nanyonya. Nilimwambia kwamba wakati huo nadhani nilikuwa naisukuma. Akacheka hadi akashika meza. Tukawa marafiki kwa asubuhi moja.

Els, mwalimu wetu, alikuwa mtu wa haki. Alianza kwa kutuambia hapa hakuna mtihani wala kufeli. Anayekaa asubuhi na kuendesha mchana anapata cheti chake, basi. Halafu alituonyesha picha ukutani kwa muda wa kupepesa jicho, picha ya barabara, akauliza tumeona nini.

“Lori,” nikasema mimi, wa kwanza.

“Lori,” akasema Gilberte, “na msichana pembeni mwenye mpira, na mlango wa gari unafunguliwa, na mbwa.”

Nikasema picha ni mbovu. Watu wakacheka, nami nikacheka nao, kwa maana nilijua macho yangu. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeingia kwa muuza miwani, nikazisoma herufi zote za ukutani hadi mstari wa mwisho, ule wa wachawi. Mtu aliyejifunza kusoma kwenye gazeti lenye mafuta ya mawese hasumbuliwi na herufi.

Mchana akapanda garini kwangu.

“Monsieur Crispin,” akasema, “mimi sitasema kitu, isipokuwa kulia au kushoto pa kwenda. Endesha kana kwamba uko peke yako.”

Na mimi, mjinga, nikafurahi.

Nilikuwa sijawahi kuendesha peke yangu. Nililigundua hilo pale pale, mita chache kutoka ukumbini. Dukani nilikwenda kwa miguu. Hospitalini, enzi za Euphrasie, nilikwenda na Euphrasie. Makaburini nilikwenda na kwaya. Jumapili Mignonne alipanda mlangoni kwangu na kushuka wa mwisho hapo hapo, na hata asubuhi ile alipanda nami hadi ukumbini kabla ya kwenda kazini. Daima kulikuwa na mtu upande wangu wa kulia, na daima mtu huyo alikuwa anaongea. Sasa barabara ilikuja kwangu tupu, haina sauti. Magari yalizuka. Sina neno jingine: yalizuka, kama yametoka ardhini, yakiwa tayari yako mbele yangu. Nilijikuta nakanyaga breki mahali pasipo na kitu na kupita mahali penye kitu. Jasho likanishuka mgongoni.

Nchi hii ina sheria moja ambayo humchukua mgeni muda kuiamini: anayetoka upande wako wa kulia, hata akitoka kichochoroni, ana haki ya kupita kwanza. Nimeendesha hapa zaidi ya miaka ishirini na sijawahi kuivunja. Niliwahi kujisifu kwayo mbele ya watu.

“Stop!” Els akapiga kelele, na mkono wake ukavuta breki ya mkono.

Gari likaruka, likazima. Mbele ya boneti, karibu kiasi cha kuligusa, alikuwa amesimama mama juu ya baiskeli yenye sanduku kwa mbele, na ndani ya sanduku mtoto mwenye kofia ya sufu. Mama hakutukana. Ningependa angetukana. Alikuwa ameweka mguu mmoja chini na mkono juu ya kofia ya mtoto, ananitazama. Mtoto ndiye aliyenipungia mkono.

Kisha wakapita.

“Ametoka wapi?” nikauliza.

“Kulia, monsieur.”

“Hapana. Ametokea ghafla.”

“Alikuwa anaonekana tangu mwanzo wa mtaa,” akasema Els. Hakuwa na ukali. Alinisubiri nilisogeze gari pembeni, nikalizima, nikaondoa mikono kwenye usukani. Ndipo akauliza, “Kwa kawaida, nani anakaa hapa nilipokaa mimi?”

“Mke wangu. Alikuwa. Sasa ni mtu wa kwaya. Kwa nini?”

“Kwa sababu kila tukifika makutano unanigeukia. Si kunitazama usoni. Unanitegea sikio.”

Hasira yangu, ambayo maisha yangu yote haikuwahi kuchelewa kazini, siku hiyo haikufika. Niliisubiri. Nilimtazama mwanamke yule na kutafuta neno la kumpiga nalo, juu ya nchi yake, juu ya kampuni za bima, juu ya wote waliotupima kwa mizani yao. Sikulipata. Kichwani nilikuwa nasikia sauti ya Mignonne: kuume pale, papa, kaptula. Na nyuma ya hiyo sauti nyingine, ya zamani, niliyokuwa nimelala nayo kitanda kimoja.

Els alijaza cheti juu ya goti lake, akatia sahihi, akakiweka juu ya dashibodi. “Umehudhuria, ni haki yako. Punguzo utapata,” akasema. “Lakini nakuomba, leo usiendeshe tena. Nenda kwa daktari wa macho. Usiende kusomeshwa herufi za mbele. Apime pembeni.”

Akashuka. Alirudi ukumbini kwa miguu, katika mvua iliyoanza upya.

*

Nilimpigia Mignonne simu, akaja kwa basi. Alitoka moja kwa moja kazini, na viatu vyake vyeupe vya kuhudumia wazee, kazi ile ile ambayo Euphrasie alimtafutia. Alifungua mlango wa kulia, kama alivyozoea, akakaa.

“Papa, motokari iko en panne, imeharibika?”

“Hapana. Mignonne, pale mbele, upande wa kuume, kuna nini?”

Akafunga mlango wake.

“Niambie. Bila pagne, bila poussette. Niambie tu.”

Alivuta mkoba wake akauweka mapajani. “Nani amekuambia?”

“Hakuna mutu aliniambia. Njo ile inaniuma.”

Vioo vilishaanza kuingia ukungu wa pumzi zetu.

“Ni Maman Euphrasie njo alitupanga,” akasema. “Kule hôpital. Alituita, miye, Rolande, padri Jozef, na wale ba voix, ba sauti ya kwanza. Akasema: bwana yangu haone tena pembeni. Mbele anaona kama tai, lakini pembeni ni giza. Kule kazini nimeona bazee bengi ba vile. Nimemuambia mara mbili aende kwa docteur, amenipa discours. Alors nimekuwa jicho yake. Sasa miye naenda. Nani atabakia?”

“Akasema hivyo.”

“Vile vile. Kisha akagawa. Miye kuume. Padri kushoto, juu ya iko murefu. Rolande, batu ba miguu. Kama sauti za kwaya, papa, kila muntu na yake. Na alitufanyisha répétition pale kwa kitanda! Alikamata sahani ya hôpital, eti volant, akasema: anzeni. Padri akasema, simama, kuna gari. Maman akamukatalia: apana, padri, hapana vile! Sema, loo, ile gari iko na rangi nzuri. Neno ‘attention’ alilipiga marufuku. Mukisema attention, atasikia sauti ya patron, ya bwana mukubwa, ataanza kugombana naye, njo mutakufa wote.”

Nilitaka kucheka. Alikuwa yeye kabisa. Namwona hadi leo, kwenye shuka zile nyeupe, amekonda, ameshika sahani ya plastiki kwa mikono miwili, anapinda kona, anawakemea waimbaji wake kwa kuingia kabla ya wakati.

“Na kama ningeua mutoto wa watu?” nikasema. “Leo nimekosa kidogo tu.”

“Unafikiri juu ya nini tulikuwa tunasali mbele ya kuwasha moteur?”

Nilidhani ilikuwa dini. Niliwahi hata kuwacheka.

“Mulikosa,” nikasema. Sauti yangu ilishapata njia yake sasa, ilikuwa inapanda. “Mulikosa sana! Mulicheza na maisha ya watu. Juu ya nini hamukuniambia?”

“Kwetu mukubwa haambiwe amepotea, papa. Anaulizwa njia.”

“Miye nimepiga vita na hiyo kitu maisha yangu yote! Nilipoteza kazi juu ya kumuambia mukubwa ukweli! Usoni! Mbele ya watu!”

“Eeh, tunajua. Umetuambia.” Akageuka kwangu. “Na ule mukubwa, alikushukuru?”

Mvua ilipiga paa. Katika miaka yote niliyoisimulia habari ile, kwenye mikutano, mbele ya watu waliopiga makofi, hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

“Wewe ulitupatia ukweli kila siku,” akasema Mignonne, sauti yake imeshuka. “Juu ya madini, juu ya bazungu, juu ya sisi wenyewe. Hatukuona fasi ya kuweka wetu. Na tena, tungekuambia, ungekaa ku nyumba. Kisha kufa kwa maman tulikuona vile ulikuwa. Ulikuwa unavaa chemise ile ile. Ku motokari tu njo ulikuwa muntu.”

Mkono wake ukanyooka kwenye dashibodi. “Ile ni nini?”

“Cheti. Ya punguzo.”

“Donc umeshinda.”

“Nimeshinda.”

Alitoa sauti ambayo nilidhani ni kicheko. Iliendelea, nikasikia kwamba analia. Sikugeuka. Nilikuwa natazama mbele, kioo na matone, na kwa mara ya kwanza nilitambua kwamba nisipogeuka simwoni kabisa. Mtu mzima, dada wa kwaya, amekaa kiasi cha mkono kutoka kwangu, analia kwa ajili yangu, na mahali alipokaa hapana kitu.

*

Daktari alikuwa binti mdogo, Yasmina, mpole. Alinikalisha mbele ya bakuli jeupe lenye vimulimuli, akanipa kidude cha kubonyeza kila nikiona mwanga. Nilibonyeza kwa bidii. Aliponionyesha picha ya macho yangu, ilikuwa nyeusi kuzunguka pande zote, na katikati tundu, kama mtu anachungulia kwa mlango uliobaki wazi kidogo. Akasema ni presha ya macho. Akasema ilianza zamani. Kilichokwenda hakirudi, matone haya, asubuhi na jioni, yatalinda kilichobaki. Akaniuliza kama bado naendesha. Nikasema hapana. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema.

Mwanangu Patient alikuja kutoka Liège kulitoa gari pale lilipokuwa limelala. Hakushangaa. Sikumuuliza.

Kuna jambo moja ambalo sijamwambia mtu. Daktari hawezi kulitibu, na Mignonne simlaumu. Euphrasie alikaa kwenye kiti kile miaka mingi. Aliniongelesha. Jioni za kiangazi tulikuwa tunashuka Chaussée d'Ixelles, madirisha ya maduka yanawaka, naye anasema: tazama ile robe, papa Patient, ningeivaa ungenioa tena? Anasema: ona wale watoto wawili wanashikana mikono. Anasema: hapa taratibu, nataka kusikia kengele. Mimi napunguza mwendo, nasikiliza kengele pamoja naye, nafikiri, nina bahati. Sasa kila usiku nayarudia maneno yale, moja moja, na kuyapima. Ile robe ilikuwepo kweli? Kengele zililia? Lipi alilisema kwa ajili yangu, na lipi kwa ajili ya barabara? Ningejua alianza lini, ningejua ni miaka gani iliyo yangu.

Simchukii. Namkasirikia kama tulivyokuwa tunakasirikiana, mlango kwa mlango, jikoni na sebuleni; ila sasa jikoni hakuna anayejibu.

Niliwakasirikia wote majira yale. Simu ililia Jumapili asubuhi, nikaiacha ilie. Kwaya ilikwenda kwa metro. Nilimwona Maman Rolande kupitia dirishani, amesimama upande wa pili wa barabara na vitambaa vya kwaya ndani ya mfuko, anatazama juu kwenye ghorofa yangu. Alisubiri. Kisha akaenda.

Wiki hiyo nilipeleka cheti Koekelberg.

Thibault alikipokea kwa mikono miwili. Alifurahi kwa dhati, masikini. Nilikuwa nimemsumbua majira mazima. “Unaona, monsieur Crispin? Unaona!” Akaanza kubonyeza mashine yake, akanigeuzia kioo cha kompyuta nione ilivyoshuka. Ilishuka kweli. Ilishuka kuliko nilivyodai.

“Sasa ifunge,” nikasema.

“Pardon?”

“Bima. Ifunge yote. Gari linauzwa.”

Alinitazama akidhani ni mbinu mpya. “Lakini monsieur, umepigana na mimi tangu mwaka mpya. Umeniita mtoza ushuru wa mfalme Leopold. Na sasa umeshinda.”

“Ndiyo.”

“Naweza kuona kama kuna punguzo jingine…”

“Kijana,” nikasema, “siwaoni watu.”

Mikono yake ikatulia juu ya vitufe. Nilijiandaa kwa takwimu zake, kwa lile tabasamu. Ningemwambia maneno ambayo angeyakumbuka hadi uzee wake. Lakini yeye alichapa alichotakiwa kuchapa, kimya, akanionyesha kwa kidole mahali pa kutia sahihi, akazunguka meza. Alinifungulia mlango. Alisimama pale ameushika, hana koti, upepo unampeperusha tai, hadi nilipotoka.

Nje kulikuwa na jua la baridi. Basilika ilikuwa pale pale, katikati kabisa ya tundu langu, kubwa, safi, nayahesabu madirisha yake. Ya pembeni sikuwa nayajua tena. Niliyasikia tu: breki, kengele ya tram, mtu anamwita mtu kwa Kiarabu, magurudumu ya sanduku la safari juu ya mawe.

Nilifika mahali pa kuvukia. Watu walikuwa wamesimama, nikasimama. Maisha yangu yote, kwenye maandamano, nilitembea mstari wa mbele, na waliokuwa nyuma yangu nilikuwa siwaoni hata zamani. Nilitega sikio. Mabega yakasogea, viatu vikaanza kugusa lami, kulia kwangu na kushoto kwangu. Nikavuka nao, katikati yao, bila kusema neno.